Wapenzi wa muziki wa zamani: "Yours Is No Disgrace" ya Yes, ni nani anayeambiwa aibu si yake?

Mwana wa Kaseti ameandika:

Habari zenu wakuu. Naombeni tuzungumzie wimbo mmoja ambao umenikaa kichwani wiki ya tatu sasa, na huku mtaani sina wa kuongea naye maana nikiuweka tu watu wanauliza hizo kelele zinaisha saa ngapi.

Iko hivi. Mjomba wangu alikuwa baharia, alifariki mwaka juzi, na kwenye vitu alivyoacha kulikuwa na kreti mbili za santuri na pleya yake, hakuna aliyezitaka nikabeba mimi. Kati ya hizo kuna moja ya bendi ya Waingereza inaitwa Yes, albamu yenyewe ni The Yes Album ya 1971. Wimbo wa kwanza kabisa upande wa kwanza ndio huu "Yours Is No Disgrace", karibu dakika kumi. Mwanzoni niliupenda kwa ajili ya kinanda na lile besi tu, baadaye nikaanza kufuatilia maneno na hapo ndipo nilipokwama. Mara kuna asubuhi na tabasamu, mara jumba la kamari, mara meli inasafiri haijulikani inakwenda wapi, halafu ghafla yanakuja majeshi yaliyokatikakatika viungo, watu wanatambaa kutoka kwenye mashimo machafu, utu unawatoka. Na jina la wimbo linasema aibu si yako. Si yako wewe nani? Anaambiwa askari, anaambiwa mimi ninayesikiliza, au anaambiwa yule wa kwenye kamari?

Kwa nini nauliza kwa uzito hivi. Mzee wangu alikwenda vita vya Kagera. Hakuwa askari wa kazi, alikuwa mgambo, mkulima tu wa kahawa, akachukuliwa mwishoni mwa 1978 akiwa na miaka 22, Mutukula, Masaka mpaka Kampala mwezi wa nne 1979. Waliporudi walipokelewa kwa ngoma, kijiji kizima kilikuwa barabarani, hakuna aliyemtupia neno baya hata siku moja. Lakini mama anasema aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka, na sisi watoto tumekua tukijua kwamba habari za Uganda haziulizwi pale nyumbani. Kwa hiyo siku niliposikia mtu anaimba kwamba aibu si yako nilisimama katikati ya chumba nikarudisha sindano nyuma, nikarudisha tena.

Wanaoujua huu muziki naomba mnisaidie. Huu ni wimbo wa kupinga vita kweli au ni maneno yamepangwa tu yapendeze masikioni? Natanguliza shukrani.

---

Mpapasa Kinanda ameandika:

Mkuu umenigusa pale pale, hii albamu nimeishi nayo tangu nikiwa kidato cha pili, kwa hiyo nivumilie nikiwa mrefu.

Jibu fupi ni ndiyo, ni wimbo wa vita, vita ya Vietnam. Jon Anderson, yule mwimbaji wao mwenye sauti nyembamba, ameshaeleza kwamba alikuwa anawafikiria vijana wa Kimarekani waliopelekwa kule, hawakuwa na namna ila kupigana, na vita yenyewe haikuwa kosa lao. Ndio hao wanaoambiwa aibu si yenu. Hapo swali lako la kwanza limepata jibu, ila naona swali lako kubwa si hilo.

Kuhusu maneno uko sahihi pia. Anderson hana desturi ya kuandika kama mtu anayesimulia hadithi, anachukua neno kwa jinsi linavyolia mdomoni, anapaka rangi hapa na pale, unabaki na picha. Wapo wanaomdharau kwa hilo lakini mimi kwenye wimbo huu nadhani imemsaidia sana, maana akili ya mtu aliyetoka vitani nayo haiji kwa mpangilio, inakuja vipande vipande, tabasamu la asubuhi limekaa ubavu kwa ubavu na maiti. Na lile jumba la kamari ulilolitaja ni Caesars Palace ya Las Vegas, ilikuwa mpya mpya wakati ule, imefunguliwa 1966. Yaani nchi ile ile, wiki ile ile, huyu anarusha dado na huyu anatambaa shimoni. Hajaandika kwamba hii ni dhuluma. Ameziweka picha mbili karibu karibu akaondoka zake, umalize mwenyewe.

Sasa historia kidogo. Kiangazi cha 1970 hawa jamaa walijifungia kwenye nyumba ya shamba huko Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, wakifanya mazoezi ya nyimbo mpya. Walikuwa wametoka kumpokea mcharaza gitaa mpya, Steve Howe, aliyechukua nafasi ya Peter Banks. Albamu mbili za mwanzo hazikuwa zimeuza sana, kwa hiyo hii ya tatu ilikuwa ya kufa na kupona. Msimu wa majani kupukutika wakaingia studio ya Advision, London, wakiwa na fundi mitambo Eddie Offord, na Februari 1971 albamu ikatoka, ikafika namba 4 kwenye chati za Uingereza. Ukiangalia jalada lako utaona Tony Kaye, mpiga ogani, mguu umefungwa hogo. Walipata ajali ya gari Novemba 1970 wakitoka kwenye shoo Basingstoke, na picha ikapigwa hivyo hivyo.

Lakini kuna jambo moja sijaona watu wakilizungumza, naomba nilitoe hapa. Tarehe 1 Desemba 1969 Marekani waliendesha bahati nasibu ya jeshi, ilionyeshwa mpaka kwenye televisheni. Waliandika tarehe zote 366 za mwaka kwenye vikaratasi, wakaviweka ndani ya vidonge vya plastiki vya rangi ya bluu, wakamwaga kwenye chombo kikubwa cha kioo, wakawa wanavuta kimoja kimoja. Cha kwanza kilitoka 14 Septemba. Ukiwa umezaliwa 14 Septemba basi wewe uko mstari wa mbele kuitwa. Ilihusu wanaume waliozaliwa kuanzia 1944 mpaka 1950. Haya, angalia bendi sasa. Anderson amezaliwa 1944, Howe 1947, Chris Squire wa besi 1948, Bill Bruford wa drams 1949, na Kaye naye yumo ndani ya miaka hiyo hiyo. Wote watano! Wangekuwa wamezaliwa Ohio badala ya Uingereza, tarehe zao zote zingekuwa mle kwenye kioo. Uingereza ilikuwa imeacha kuita vijana jeshini kwa lazima tangu 1960, na serikali ya Harold Wilson haikupeleka wanajeshi wake kupigana Vietnam. Kwa hiyo wao walikaa shambani wakitunga muziki na wenzao wa rika lile lile, wanaosikiliza rekodi zile zile, walikuwa kwenye matope.

Ndio maana mimi nikisikia kile kiitikio sisikii mtu anayetoa msamaha kutoka juu. Nasikia kijana anaongea na kijana mwenzake, angeweza kuwa yeye.

---

fundi_spika ameandika:

Mkuu Mwana wa Kaseti hiyo santuri ni chapa ya mwaka 71 au ya baadaye? Tupia picha ya leboo ya katikati. Na tafadhali usiipige na sindano iliyochoka utailima.

---

Binti Ngamiani ameandika:

Nimewasoma wote na nimeusikiliza wimbo mara nne leo ndipo nikaandika, sitaki kuropoka.

Muziki mzuri sijakataa. Ila kaka Mpapasa mimi hapo kwenye "haikuwa kosa lao" nakwama. Tarehe 16 Machi 1968 kijiji cha My Lai wanajeshi wa Marekani waliua wanakijiji wasio na silaha, vikongwe, akina mama, watoto wachanga. Wamarekani wenyewe walihesabu 347, Wavietnamu wanasema 504. Habari ikafichwa mpaka Novemba 1969 ndipo magazeti yakaitoa. Kwa hiyo hawa vijana wa Yes wanaandika wimbo wao 1970 dunia yote imeshaziona zile picha. Mwezi mmoja na kidogo baada ya albamu kutoka, mwisho wa Machi 1971, Luteni Calley, mmoja wa maafisa waliokuwa pale kijijini, akatiwa hatiani, peke yake kati ya wote, akapewa kifungo cha maisha, kifungo chenyewe akakitumikia zaidi nyumbani kwake na 1974 akawa huru. Sasa mama wa My Lai aliyetolewa mtaroni akiwa hai chini ya maiti za wanawe, nenda ukamwambie kwamba yule aliyeshika bunduki hana aibu.

Na msiniambie hapakuwa na namna. Siku ile ile, kijiji kile kile, alikuwepo rubani wa helikopta anaitwa Hugh Thompson, kijana wa miaka 24. Aliona kinachotendeka akateremsha helikopta katikati ya askari wenzake na wanakijiji, akawaambia watu wake wawili, Colburn na Andreotta, kwamba wenzetu wakiwapiga risasi hawa raia nanyi wapigeni. Wakaokoa waliowaokoa, wakamtoa na mtoto kwenye mtaro. Nchi yake ilimpa medali ya maana kwa kazi ile 1998, miaka 30 baadaye! Na Muhammad Ali yule bondia je? 28 Aprili 1967 aliitwa jina lake pale Houston aingizwe jeshini, hakupiga hatua mbele. Wakamnyang'anya mkanda, hakurudi ulingoni mpaka Oktoba 1970, ndio hao Yes wako studio. Kwa hiyo namna ilikuwepo, ila ilikuwa na bei.

Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ambayo kila kosa la mwanamume lilikuwa na mtu mwingine aliyemtuma. Kwa hiyo neno la kusema aibu si yako linanipa shida, samahanini kama nimekuwa mkali.

---

Mpapasa Kinanda ameandika:

Dada hujawa mkali, umeuliza ambacho wengi wetu tumeusikiliza wimbo miaka yote bila kuuliza. Nimekaa na maneno yako tangu jana usiku.

Nikubali moja kwanza. Ukiuchukua wimbo kama hukumu, kwamba kila aliyevaa gwanda asamehewe, basi umeharibika, na mfano wako wa Thompson unauvunja kabisa. Sina la kubishana hapo.

Ila naomba turudi kwenye maneno yake. Pale kwenye majeshi yanayotambaa anasema wazi kwamba maadili yao yanapotea. Hajawapaka mafuta. Kinachopotea kilikuwepo, ndivyo ninavyousoma. Walikwenda nacho wakakiacha kule, na wimbo unaonekana unauliza nani aliwapeleka mahali ambapo kitu hicho hupotea. Angalia ile bahati nasibu tena. Kabla yake na hata baada yake mwanafunzi wa chuo alikuwa anaahirishiwa, kwa hiyo mwenye ada alikuwa anakaa darasani na asiye na ada anavaa buti. Ali aliweza kusema hapana na dunia nzima ikamsikia, na bado ilimgharimu miaka mitatu na nusu ya ujana wake. Mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani, miaka 19, nani angemsikia? Simtetei aliyeua mtoto. Nasema yule aliyetuma hakuwa na kidonge chake mle kwenye kile kioo.

Na pengine wimbo hauongei na Calley hata kidogo. Wavulana karibu wote walirudi bila kufanya ya My Lai, walirudi wameona, wamebeba maiti za rafiki zao, wamefyatua risasi gizani hawajui zimeangukia wapi. Aibu ya namna hiyo haina mahakama. Haina wa kuihukumu wala wa kuifuta, mtu anaibeba tu mpaka uzeeni. Kama wimbo unamwambia huyo, mimi niko nao.

---

Binti Ngamiani ameandika:

Huyo wa risasi za gizani nimemwelewa. Kwake huyo nakubali uimbwe. Ila My Lai siifuti.

---

OtiMakadara ameandika:

Niaje wasee wa Bongo, nawasoma kutoka Nairobi, mimi napiga gitaa kwa bendi ya hoteli so wacha niongee ya mikono kidogo, hayo mengine mmeyamaliza vizuri kuniliko.

Mnaongea maneno tu na maneno kwa huu wimbo ni kama robo yake bana. Skizeni vile unaanza. Ule mpigo wa kugonga gonga kwa pamoja, ogani, besi na drams, ni kama farasi anakimbia ama treni inaondoka steshoni, na watu wengi wanasema unachangamsha, mimi nikiskia naona kitu kinaondoka na huwezi kukisimamisha. Imejengwa hivyo. Squire anapiga besi yake ya Rickenbacker kwa piki so inakwaruza, inasikika kama gitaa la pili sio kama besi ya kujificha nyuma, na Bruford alikuwa na miaka 21 tu anapiga ile ngoma ya snea kama mtu anagonga mlango. Uimbaji wenyewe unachelewa kuingia, unaingia sauti tatu zimepangwa safi kabisa kama kwaya ya kanisa, tamu, na zinaimba mambo ya kutisha. Hiyo tofauti ndio inanimaliza mimi. Mtu angeweza kuimba hayo maneno kwa kupayuka na usingeyaskia vile.

Halafu Howe. Huyu jamaa alikuwa amezoea bendi za kurekodi haraka mnatoka, hapa akapewa nafasi ya kurekodi solo vipande vipande na kuviunga, mwenyewe amesimulia hivyo. So skiza ile solo ya katikati na hedifoni, tafadhali na hedifoni. Gitaa linatupwa sikio la kushoto, linatupwa la kulia, moja linalia na pedali ya wah, lingine linajibu safi kama la jazz. Kisha kunanyamaza, anabaki na gitaa taratibu na Anderson anaimba karibu na sikio lako kama anakuambia siri. Mimi hapo ndio naonaga askari peke yake, usiku, hakuna kamanda, hakuna wenzake. Alafu wanarudi wote na ule mpigo wa farasi na unajua huyo kijana lazima asimame aendelee.

Na mtu asiniambie dakika kumi ni ndefu, sisi tumelelewa na rhumba za upande mzima wa santuri mpaka sebene iingie tushaanza kutoa jasho. Mkitaka ndefu zaidi tafuteni Yessongs, rekodi ya shoo za 1972 iliyotoka 1973, hapo huu wimbo unafika dakika 14, drams ni Alan White na kinanda ni Rick Wakeman kwa sababu Kaye alitoka baada ya albamu ile, alikuwa anapenda ogani yake na hakutaka sana hivyo vinanda vipya vya Moog na Mellotron. Howe pale anaachilia kabisa. Lakini kwa maana ya wimbo mimi narudi kwa ile ya studio, ile sehemu ya kunyamaza kwa shoo hainibani kifua vile.

---

Mtu wa Boksi ameandika:

Wakuu salaam kutoka Ohio. Huwa nasoma tu sichangii ila mada hii imenishika shati.

Mimi huku nafanya kazi ya kutunza wazee, usiku mara nyingi. Kuna mzee mmoja nilimhudumia karibu miaka miwili, sitataja jina lake wala mahali, alikuwa Vietnam 1969 na 1970. Mzungu, mtoto wa fundi wa matairi. Alikuwa haongei, usiku alikuwa anataka taa iwake na mlango uwe wazi nusu, ukifunga anakuja juu. Siku moja namnawisha miguu akaanza tu mwenyewe. Akasema aliporudi alitua uwanja wa ndege akaingia chooni akavua gwanda akavaa suruali ya kawaida ndipo akaenda kupanda basi la kwenda kwao. Nikamuuliza ulitukanwa? Akasema hapana, hakuna aliyenitukana, nilivua kabla hawajapata nafasi. Alikuwa na miaka 21. Akanyamaza, nikamfuta miguu nikamvalisha soksi.

Nimemkumbuka niliposoma ya yule mzee wa Mwana wa Kaseti. Huyu alivua gwanda chooni, yule alipokelewa kwa ngoma, na wote wawili walirudi nyumbani wakafunga mdomo. Mimi sikujua kama hata ukipokelewa vizuri inakuwa hivyo hivyo.

Kingine. Niliwahi kwenda Washington na watu wa kanisani tukapita kwenye ule ukuta wa Vietnam. Ni jiwe jeusi limesuguliwa mpaka unajiona sura, ulichorwa na mwanafunzi wa chuo anaitwa Maya Lin, ulizinduliwa Novemba 1982. Majina ya wanajeshi wao waliokufa, zaidi ya elfu 58. Nilikaa pale nikisoma nikashangaa mbona sioni koplo, sioni kapteni, nikamuuliza mhudumu akaniambia majina yamepangwa kwa tarehe waliyokufa na vyeo havikuandikwa. Unakuta afisa na kuruta wamekaa mstari mmoja kwa sababu walikufa siku moja. Watu wanaweka karatasi juu ya jina wanasugua na penseli, wanaondoka nalo. Kuna mama mmoja wa Kizungu alikuwa ameweka kiti chake cha kukunja mbele ya paneli moja, amekaa tu, na chai yake kwenye chupa.

Dada Binti Ngamiani ulichosema nacho kilinijia pale pale, maana hakuna jina hata moja la Mvietnamu kwenye ule ukuta, na wao walikufa kwa mamilioni. Ukuta ni wao wameujenga kwa ajili ya watu wao, naelewa, ila macho yanatafuta.

Na hapa Ohio kuna chuo kikuu cha Kent State, zilipopigwa risasi 4 Mei 1970 kwenye maandamano ya kupinga vita, sekunde 13, wanafunzi wanne wakafa. Nilipita pale kwenye maegesho ya magari, sehemu walipoangukia wameziwekea alama hakuna gari linapaki. Waliopiga walikuwa vijana wa National Guard, jeshi la akiba la jimbo, umri ule ule wa wanafunzi. Huo ndio mwaka wimbo wenu ulitungwa.

---

Mpapasa Kinanda ameandika:

Mtu wa Boksi ahsante sana. Hiyo ya vyeo kutoandikwa sikuwa naijua, na miaka yote hii nimesoma mambo ya vita hiyo. Nimeenda kuuweka wimbo tena baada ya kukusoma.

---

Mwana wa Kaseti ameandika:

Wakuu nimechelewa kurudi, nilikuwa kijijini tangu Ijumaa. Nawashukuru kila mmoja, dada Binti Ngamiani na wewe hasa, maana ulinizuia nisiende kumwambia mzee maneno mepesi.

Fundi spika, leboo nitapiga picha nikirudi kijijini.

Nilibeba pleya na spika moja ndogo kwenye basi, nimeishika mapajani safari nzima. Jumamosi jioni baada ya chakula nikaiweka barazani. Sikumwambia ni wimbo wa vita. Nilimwambia baba hii ni santuri ya marehemu shemeji yako, akasema iweke tusikie. Alisikiliza wote, dakika zote, ameegemea ukuta, na ule mpigo wa mwanzo kidole chake kikawa kinagonga kwenye mkono wa kiti. Ilipofika ile sehemu ya kunyamaza aliyoisema mkuu wa Nairobi, kidole kikaacha.

Ulipoisha akauliza wanasema nini hawa. Hapo nikaanza kutetemeka kidogo. Nikamwambia ni Waingereza, wanaimba kuhusu vijana wa Marekani waliopelekwa vitani mbali, wanawaambia aibu si yao. Akakaa kimya muda mrefu, mama akaacha kuosha vyombo kule uani nikasikia. Kisha akasema, sisi hatukuwa na aibu, vita ile ilikuwa ya haki, tulivamiwa. Nikasema ndiyo baba. Akasema tena, ilikuwa ya haki. Nikanyamaza.

Halafu akasema Masaka kulikuwa na nyumba moja ina mlango wa kijani. Akaitaja na saa, asubuhi, akasema kulikuwa na umande. Akamtaja na mwenzake waliyekuwa wanagawana naye sigara, jina ambalo sijawahi kulisikia maishani mwangu, mtu wa Songea. Akaishia hapo. Alichokutana nacho nyuma ya ule mlango hakusema na mimi sikuuliza, ila mama alikuja akakaa kwenye mkeka karibu na miguu yake, na hiyo sijawaona wakifanya siku nyingi.

Asubuhi yake naaga akaniuliza ile sahani utaondoka nayo? Nikaiacha, na pleya nikaacha. Nimemwonyesha jinsi ya kuweka sindano, mkono wake unatetemeka ila ameweza.

Sasa mkuu fundi spika nina shida na wewe kweli. Sindano imechoka kama ulivyosema, upande wa pili inaruka. Pleya ni Garrard ya zamani, ya mkono. Kuna sehemu Dar sindano zake zinapatikana, au niagize? Niko tayari kulipia hata mbili, nataka nimpelekee kabla ya mwisho wa mwezi.

---

fundi_spika ameandika:

Mkuu njoo inbox sasa hivi. Mwombe mtu pale kwa mzee apige picha ya katriji, kile kinachoshika sindano, kwa chini, karibu kabisa, nione namba. Kama ni ile ninayoidhania ninazo tatu kwenye droo, hulipi chochote, nipe tu jina la basi linalokwenda huko kwa mzee.